Vifungo Kumi kwenye Shingo

Mimi sina dogo, na wanaonijua watakuambia hivyo kabla hujauliza. Mteja akiniletea kitambaa cha nusu gauni halafu akataka mikono mirefu, namwambia achague mkono mmoja. Basi nikisema kwamba nilimwonea wivu mdogo wangu wa tumbo moja, ujue sijipambi. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakipiti, na nilichokifanya kwa ajili ya wivu huo kipo mpaka leo, kimegandishwa kwa gundi, kila mtu anakiona.

Tulizaliwa wawili, tumepishana miaka kumi na mmoja. Yeye ni Kitinda, maana ndiye kitinda mimba, na jina lake la shuleni hata yeye huwa anasahau kuliitikia. Mimi ni Shoto, kwa sababu ya mkono ninaoutumia kwa kila kitu, kuanzia kijiko mpaka mkasi. Mama alishatutoka. Baba yupo, na Baba ni seremala wa vitanda, milango na majeneza. Kazi inayomkosha roho, hata hivyo, ni magitaa.

Si magitaa ya dukani. Baba hutengeneza magitaa ambayo ukiyaona unajiuliza kama aliyeyatengeneza alikuwa na homa. Ukutani kwenye karakana yake, ambayo ni banda la mabati nyuma ya nyumba, lipo la kopo la mafuta ya kupikia, linalolia kama mtu mwenye mafua. Lipo la droo ya kabati, na kishikio cha droo hakikutolewa. Lipo lenye shingo mbili, moja huku na moja kule, kwa hiyo ni lazima lipigwe na watu wawili walioketi bega kwa bega, tena wawe wamepatana. Na lipo moja la vipande vilivyobaki kwenye jeneza, tamu kuliko yote, ambalo hakuna mtu mtaani aliyekubali kuligusa.

Mimi nilipoanza, nyumba ilikuwa na gitaa moja tu, la Baba, na nyuzi zilikuwa za shida kupatikana. Amri ilikuwa fupi: nyuzi hazifunguliwi. Mtu wa kushoto kwa kawaida huzifungua akazipanga upya, nene zikae juu na nyembamba chini. Mimi nilikuwa na miaka saba na sikuwa na ruhusa, nikaligeuza gitaa zima. Uzi mwembamba ukaja juu, upande wa kidevu, na ule mnene ukashuka upande wa goti. Mpaka leo kidole gumba changu kinafanya kazi ambayo kwa wenzangu hufanywa na vidole vingine. Mama alisema mtoto huyu atapinda mgongo. Baba akasema, "Mwache, akikwama atarudi mwenyewe." Sikukwama.

Kitu kimoja tu nilikikosa, na sikujua kwamba nimekikosa. Shingo ya gitaa ina vichuma vilivyolala, na nafasi kati ya kichuma na kichuma sisi tunaita chumba. Pembeni mwa shingo, kwenye ukingo unaomtazama mpigaji, fundi huweka vidoti vyeupe kwenye chumba cha tatu, cha tano, cha saba, cha tisa na cha kumi na mbili. Mpigaji akishusha macho anajua yuko wapi. Langu mimi, kwa kuwa nimeligeuza, vidoti vinatazama sakafu. Nimepiga gitaa maisha yangu yote kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta kiberiti umeme umekatika.

Kitinda nilimfundisha mimi. Tuliketi kwenye benchi la karakana tukitazamana, magoti yakigusana, mimi na gitaa la Baba na yeye na lile la kopo. Yeye ni wa kulia, mimi wa kushoto, kwa hiyo akinitazama ni kama anajitazama kwenye kioo. Mkono wangu ukienda upande wa dirisha, wake nao unaenda dirishani. Ndani ya mwaka mmoja alijua kila nilichokijua, na mwaka wa pili akaanza kujua nisichokijua. Alipokua akaondoka, akapata kazi kwenye bendi ya hoteli katika mji mwingine. Mimi nikabaki na cherehani yangu chumba cha mbele, na Baba na vidonge vyake vya presha, na macho yake yaliyokuwa yanaingia ukungu. Jumapili mchana nampigia gitaa, yeye anasukuma randa taratibu, na akifurahi sana husema, "Pale kati umechelewa kuingia."

Basi mwaka juzi Kitinda akaja likizo ya mwezi mzima, na mkononi gitaa ambalo shingo yake haikuwa na kichuma hata kimoja. Laini kama mgongo wa sahani. Baba akalishika akalipapasa kama mtu anayempima mtoto homa. "Hivi unajuaje ulipo?" akamuuliza. "Nasikiliza, Baba," Kitinda akasema, akapiga, na sauti ikawa inateleza kutoka noti moja kwenda nyingine bila kukanyaga ngazi.

Hakuishia hapo. Alivaa kipande cha shingo ya chupa kwenye kidole akakiburuza juu ya nyuzi, gitaa likalia kama linamlilia marehemu. Aligusa uzi kidogo tu bila kuukandamiza, ikatoka sauti ya kengele. Kisha akaacha kabisa kuchomoa nyuzi, akawa anazigonga juu ya shingo kwa vidole vya mikono yote miwili, kama mtu anayepiga taipu, na ukifumba macho unaapa wamekaa watatu. Baba alicheka mpaka akatoa kitambaa akafuta macho. Halafu akasema neno ambalo mimi sijawahi kuambiwa tangu nizaliwe. Akasema, "Huyu ana vidole."

Ana vidole. Na mimi nina nini, kwato? Nani anamkumbusha dawa? Nani anamshika mkono kwenda kliniki ya macho, anakaa naye kwenye foleni tangu asubuhi? Roho iliniuma mpaka nikaenda kuwasha cherehani bila kitambaa, ikawa inashona hewa.

Siku tatu baadaye alitukalisha wote wawili karakana. Akanyoosha mkono wake wa kulia tuuone, na ulikuwa unatetemeka kama jani. "Nimeanza gitaa jingine," akasema. "Mkono huu hautanipa lingine baada ya hili. Ni la mmoja wenu. Msiniulize la nani."

Kitinda hakuuliza. Alichosema ni, "Baba, ukilikata bega moja, mkono utafika vyumba vya mwisho bila kubanwa." Na Baba akajibu, "Nitalikata." Hapo nikamaliza hesabu yangu. Gitaa la mwisho la Baba lilikuwa linakatwa bega kwa kipimo cha Kitinda, na mimi nitabaki na kazi ya kuandaa chai ya wageni watakaokuja kumpongeza.

Wiki mbili zikapita hivyo. Baba akifanya kazi kidogo, analifunika bumba, yaani tumbo la gitaa, kwa shuka kuukuu na hataki mtu alisogelee. Mimi nilikuwa nikijifungia chumbani najaribu kugonga shingo kwa mikono miwili kama nilivyomwona Kitinda, ikawa inatoka kelele ya sufuria zinazoanguka. Siku moja akanisikia mlangoni. "Dada, njoo tukae kama zamani," akasema. "Unitazame mimi." Yaani niliyemfundisha kushika uzi, sasa nikae mbele yake kama darasa la kwanza.

Nikamwambia nina magauni sita ya kumaliza. Akasimama kidogo, kisha akaenda zake. Nikamsikia huko karakana na Baba wakicheka, na kila kicheko nilikihesabu.

Halafu Baba akaniita mimi. Kitinda alikuwa ametoka kwenda kutazama bei za tiketi. Shingo ya gitaa ilikuwa mezani peke yake, haijaunganishwa na bumba. Nilikuwa nimempa vifungo vitano vyeupe vya shati la mtoto mchanga, alivyoniomba juma lililopita bila kunieleza, na alikuwa amevisugua kwa msasa mpaka vikawa kama punje za mtama. "Alama nimechora mwenyewe kwa penseli," akasema. "Kuchora nimeweza kwa kuegemeza rula. Kutoboa siwezi, mkono utaniharibia. Wewe una mkono mtulivu. Toboa kwa hii keke ndogo, tia gundi, bandika vifungo." Kisha akaenda kujinyoosha kitandani, kama kawaida yake baada ya dawa ya mchana.

Nikaichukua ile shingo nikaipakata kama ninavyopakata gitaa lolote. Alama tano za penseli zilikuwa ukingo wa juu, zinanitazama usoni. Sikushangaa. Mtu utashangaaje kitu kikikaa sawa? Nilichokiona mimi ni vidole vya Kitinda vikipanda na kushuka juu ya vifungo nilivyovitoa kwenye kopo langu mimi la ushonaji, mbele ya watu, na Baba anafuta macho.

Nikalamba kidole nikafuta alama zote. Nikatoboa kila moja chumba kimoja mbele ya pale alipochora: cha nne, cha sita, cha nane, cha kumi, cha kumi na tatu. Kazi safi, hata sonara asingeona kasoro. Nilikuwa nawaza siku atakayolipiga mbele ya watu mara ya kwanza, ashushe macho, vidole vifuate vifungo, aharibu. Mara moja tu. Nilitaka aharibu mara moja tu, Baba akiwa anasikia.

Baba alipoamka akapitisha kiganja kwenye ukingo. "Laini," akasema. "Sikukosea kukupa wewe." Nikarudi kwenye cherehani.

Jumamosi kabla Kitinda hajaondoka, Baba akasema tukusanyike. Tulikuwa wanne: sisi wawili, Baba, na seremala wa mtaa wa pili, aliyejifunzia kazi kwa Baba. Baba akavuta shuka. Sitalisifu sana, maana nitalia. Mbao nyepesi rangi ya asali, bega moja limekatwa vizuri kama kola.

Kitinda ndiye aliyenyoosha mikono kwanza, na hakuna aliyemshangaa. Akaketi, akalipakata. Bega lililokatwa likaja juu, chini ya kidevu chake. Akalitazama, akaligeuza, akalitazama tena, akacheka kidogo. "Baba, mkato umeuweka upande wa dari."

"Kwako ni upande wa dari," Baba akasema. "Mpe mwenyewe."

Kitinda akasimama akaniwekea gitaa mapajani, na likakaa. Sijui nieleze vipi. Miaka yote nimekuwa nikivaa viatu vya mtu mwingine, na sasa nimepewa vyangu. Nyuzi zilikuwa zimepangwa kama nilivyozoea, nyembamba juu, lakini mbao zote zilikuwa zimegeuzwa zinifuate mimi. Mkono wangu wa kulia ukapita kwenye lile bega lililokatwa bila kugusa chochote.

"Sasa shusha macho," Baba akasema. "Miaka yote nakuona unapapasa kama mwizi, nikajiambia utazoea. Ukazoea kweli, na mimi nikawa na aibu. Nikasema kabla macho yangu hayajazima, nikuwekee vidoti upande wako. Piga huku unatazama. Nataka nikuone unatazama."

Nikashusha macho. Vifungo vyangu vitano vilikuwa vinanitazama, vyote vinadanganya.

Ningefumba macho ningepiga sawasawa, na hakuna ambaye angejua. Lakini mzee amesema nitazame, ameinamia mbele na macho yake mabovu ili anione ninatazama. Nikatazama, na vidole vikafuata. Ikatoka takataka. Nikajaribu tena, ikatoka takataka ile ile.

Kitinda akakunja uso. Akapiga magoti mbele yangu, akahesabu vyumba kwa ncha ya kidole. "Baba," akasema polepole, "vidoti vimekaa siko. Vimepita kwa chumba kimoja."

Baba akaomba gitaa. Akahesabu kwa ukucha wa kidole gumba, kichuma kwa kichuma, moja, mbili, tatu, nne, na kwenye nne ukucha ukagusa kifungo. Akarudia. Mimi hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo kabisa, ndefu, pana. Nikaangalia miguu yangu.

"Nilichora vibaya," Baba akasema. "Si mkono tu, na kichwa kimekwisha." Akampa Kitinda gitaa, akamgeukia yule seremala. "Kesho asubuhi njoo na mkokoteni uchukue randa, misumeno, patasi, vyote. Nikiendelea nitakuja kumtengenezea mtu jeneza fupi." Mwenyewe alitaka tucheke. Hakuna aliyecheka.

Nikakimbilia jikoni nikajitia naosha vikombe vilivyokuwa safi. Kitinda akaja, akachukua kitambaa, akawa anavifuta kimoja kimoja.

"Mkono unaotetemeka hukosea huku na kule," akasema. "Hivi vimekosea vyote sawasawa, kama askari wa gwaride."

Nikasuuza tena kikombe nilichokwisha kukisuuza.

"Ulidhani ni langu."

"Ndiyo," nikasema. "Nilidhani ni lako, na nilitaka uaibike mbele yake. Nitukane yaishe."

Hakunitukana. Akaweka kikombe mezani. "Hata mimi nilidhani ni langu," akasema. "Aliposema mpe mwenyewe, nilitaka nipande basi la jioni hii hii. Hizi mbinu zote, chupa sijui kengele, nimejifunza nije nimsikie anasema kitu. Wewe unapiga kila Jumapili na anasukuma randa kwa mapigo yako. Hujawahi kuona? Mimi nikipiga, anaacha kazi anatazama kama sinema. Wewe ukipiga anafanya kazi."

Sikuwahi kuona. Tukamaliza vikombe. Alipokuwa anatoka akasema, "Randa zake zinaondoka kesho, Dada."

Asubuhi mkokoteni ulifika kabla ya chai. Baba alikuwa amekwishapanga vyombo vyake juu ya benchi, vimefutwa mafuta, na ile randa ndogo aliyoinunua kabla hajaoa ameiweka mwisho kabisa, mbali na mkono wa mchukuaji. Yule seremala akashika msumeno wa kwanza.

"Rudisha," nikamwambia. Nikasema yote, palepale, kwa sauti yangu ile ya kugombana na wateja, maana sina nyingine. Kwamba alama alizichora vizuri. Kwamba nilizifuta kwa mate yangu. Kwamba nilidhani gitaa ni la Kitinda na nilikuwa na kijiba cha roho cha kuweza kuniua. Kitinda alikuwa amesimama mlangoni. Seremala wa mtaa wa pili alijitia anachunguza tairi la mkokoteni.

Baba akavuta kigoda akaketi. Nilijiandaa kwa lolote.

"Kwa hiyo tatu nilichora kwenye tatu?" akauliza.

"Kwenye tatu, Baba."

"Na tano, na saba?"

"Zote. Mpaka ya kumi na mbili."

"Kumi na mbili ndiyo ngumu," akasema, na uso wake wote ukafunguka. Alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongo. Hakunigombeza, si siku ile wala baadaye. Angenigombeza ningepumua. Alifurahi tu, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba karatasi za vipimo zilikuwa za mgonjwa mwingine, na furaha yake ilinichoma kuliko kofi. Akavuta randa ndogo akaiweka mapajani. "Wewe rudi na mkokoteni wako," akamwambia seremala. "Kumbe mkono bado upo. Basi na huyu mwingine atapata lake."

Na mimi, mbele ya Mungu, hata machozi hayajakauka, nilisikia wivu ukinisogelea tena ukaniuliza: litakuwa zuri kuliko langu?

Tundu likishatobolewa limetobolewa. Vile vifungo vyeupe sikuving'oa. Nilikata vingine vitano, vyeusi, nikavisugua mwenyewe, nikavipachika pale Baba alipochora mwanzo. Shingo ya gitaa langu ina vidoti kumi: vyeupe vinadanganya, vyeusi vinasema kweli. Watu huniuliza huo ni mtindo gani, nawajibu ni mtindo wa familia.

Gitaa la Kitinda lilimchukua Baba miezi minane, anafanya kazi nusu saa anapumzika nusu siku. Halina kichuma hata kimoja, kama Kitinda alivyopenda, lakini vidoti vya pembeni aliviomba. Baba akachora alama kwa rula, akanipa shingo na ile keke. Nikatoboa pale pale penye penseli, kila kimoja, nikatia gundi, nikabandika, na nikajua kwa kuigonga shingo tu kwamba gitaa hilo litalia vizuri kuliko langu. Liliniuma. Linaniuma sasa hivi ninavyosimulia.

Nikampelekea. "Hesabu, Baba," nikasema.

Akasema ana vanishi inakauka, hana muda wa kuhesabu. Nikarudi kwenye benchi nikahesabu mwenyewe, mara tatu.